Roli za Dirishani

Nianze na dirisha, maana kila ninayemsimulia habari hii huanza kunitetea kabla sijafika kwenye dirisha, na mimi sitaki kutetewa.

Duka letu linauza vifaa vya kuvulia samaki wa mtoni, wale wanaovuliwa kwa fimbo ndefu nyepesi na chambo cha manyoya kilichofungwa kikafanana na mdudu. Mvuvi wa aina hiyo ana mshipi mnene, wa rangi inayopiga kelele, lakini mwisho wake kabisa, pale panapofungwa chambo, huunga uzi mwembamba usiozidi urefu wa mkono, usioonekana majini. Sisi dukani tunauita uzi wa ncha. Samaki akishika, uzito wake wote na hasira zake zote zinaning'inia kwenye uzi huo na fundo moja dogo. Ukikatika, watu huuliza maswali mawili tu: uzi ulikuwa mzima? Fundo lilifungwa vizuri?

Marehemu baba, aliyetuachia duka, hakutaka swali la kwanza liulizwe kabisa kwa uzi uliotoka kwake. Alikuwa na droo moja pana chini ya kaunta, ameitandika kitambaa cheusi. Jua linaila nailoni ndani kwa ndani, alikuwa akisema, na nje inabaki inang'aa vilevile. Joto nalo hakulipenda, wala mafuta ya kufukuza mbu kwenye vidole vya wateja. Roli mpya ya uzi ikifika aliigeuza kitakoni akaandika mwezi na mwaka kwa kalamu ndogo. Ikimaliza misimu miwili aliikatakata kwa mkasi akaitupa, hata kama haijafunguliwa. Dada yangu alikuwa akimwambia, "Baba, unatupa mali." Baba aliendelea kukata.

Nikarithi droo, kalamu na mkasi. Kiburi nilikuwa nacho tangu zamani.

Mwaka jana kiangazi kilivuta mno. Mto ulishuka hadi mawe yakatoka mgongo nje, na wateja wakapotea. Nilikaa dukani nikipiga miayo na kumkasirikia kila aliyepita bila kuingia. Sasa, roli za uzi wa ncha zina vibandiko vya rangi, kila namba na rangi yake. Siku moja nikazitoa kwenye droo nikazipanga dirishani, kutoka uzi mnene hadi mwembamba, roli ishirini na sita, nyekundu ikifuatwa na ya chungwa, njano, kijani, mpaka zambarau, kama upinde wa mvua. Mwenye duka la dawa alivuka barabara makusudi kuja kunipongeza. "Leo umetutoa ushamba mtaa mzima," alisema. Kichwa kikavimba.

Dirisha lile linapigwa na jua kuanzia saa nane mchana hadi jioni. Nilijua, maana kiti changu mwenyewe nilikihamisha zamani kwa sababu hiyo. Nikajiambia ni ya wiki moja tu. Zikakaa miezi minne.

Mvua iliporudi nilizitoa, na mkasi nilikuwa nao mkononi, hilo nalisema wazi. Roli ya kwanza nikaikata. Ya pili roho ikaniuma. Nilizitazama, zilikuwa zinang'aa, hazina hata mkwaruzo. Nikazifuta vumbi, nikazigeuza kitakoni, nikaona mwezi ulioandikwa ni wa zamani sana. Nikausugua kwa spiriti, roli moja baada ya nyingine, nikaandika mwezi tuliokuwa nao. Si uongo, nilijiambia, huu ndio mwezi zilioingia droo. Nina kipaji cha kujieleza mambo nikaelewa haraka. Nikazisukuma nyuma kabisa ya droo, nikikusudia kuziangalia siku nyingine.

Wiki mbili baadaye akaja shemeji.

Shemeji ni mume wa dada yangu mkubwa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwongozaji kwenye kambi ya wavuvi juu ya mto. Mgeni anakuja na fimbo yake na majigambo yake, shemeji anampeleka mahali samaki walipo, anamchagulia chambo, anamfungia. Baba ndiye aliyemfundisha kufunga, hapo kwenye kaunta, enzi anamposa dada. Nasikia fundo lilimchukua muda mrefu kulipata kuliko mchumba. Mtoni walimwita Mkono Mmoja, kwa sababu aliweza kufunga chambo kwa mkono wa kulia peke yake huku wa kushoto umeshika sigara.

"Shem, hapa kuna uzi au siku hizi mnauza mapambo?" aliingia akisema.

"Uzi upo, wanunuzi ndio mapambo," nilimjibu.

Alicheka, akaegemea kaunta. Alikuwa na kazi kubwa Jumamosi ile. Jaji mmoja mstaafu huja kambini kila mwaka kwa ajili ya samaki mmoja tu, dume kubwa linaloishi chini ya daraja la mawe. Misimu mitatu alikuwa amelikosa, na safari hii alisema miguu yake haitamrudisha tena. Alimtaka shemeji, hakutaka mwongozaji mwingine.

"Unamfungia ndoano gani?" niliuliza.

"Kumi na mbili."

Kuna hesabu ya wavuvi: ukubwa wa ndoano unaugawa kwa tatu, jibu ndiyo namba ya uzi. Na namba zenyewe zimekaa kinyume, ikipanda uzi unapungua. Kumi na mbili kwa tatu, nne.

"Namba nne basi," nilisema.

"Nilikuwa nafikiria tatu. Samaki mwenyewe ana mwili."

"Maji bado meupe. Ukimpelekea kamba ya kuanikia nguo ataiona toka mbali, atakucheka na mkewe. Nne inamtosha."

"Haya, mtaalamu. Nipe nne."

Nikavuta droo. Namba nne za mbele zilikuwa zimekwisha. Mkono wangu ukaenda nyuma, na nitasema kweli, haukwenda kwa bahati mbaya. Niliijua roli ile. Niliishika, nikafikiri kumwambia arudi kesho mzigo mpya ukifika, nikafikiri pia atauliza kwa nini, na nitamjibu nini. Nikamwekea kwenye kaunta. Aliigeuza kitakoni, akasoma mwezi, akaridhika, akaitia mfukoni kwenye kizibao chake cha kuvulia.

Jumatatu alirudi. Nilimwona kupitia kioo akisimama nje kidogo kabla ya kuingia.

"Shem, nimeharibu," alisema.

Jaji alilipata lile dume. Lilichukua chambo asubuhi, juani, kila mtu anaona, likazama mara moja na uzi ukakatika penye fundo. Halikukimbia hata hatua tano. Jaji hakupiga kelele, alikaa juu ya jiwe akavua kofia. Jumapili shemeji akafunga tena, kwa mama mmoja daktari wa meno, samaki wa kawaida tu wa kujaa kiganja. Ukakatika penye fundo vilevile. Meneja akamwita pembeni, akamwambia apumzike mtoni kwa muda, akae stoo aoshe buti za wageni.

Uzi huu hukatika penye fundo hata ukiwa mzima, kwa sababu hapo ndipo unapobanwa. Ndiyo maana fundo hulowanishwa kwa mate kabla ya kukazwa, lisijichome kwa msuguano. Asiyelowanisha hukatikiwa, na kila mtu kambini alijua hivyo.

"Ulilowanisha?" nilimuuliza. Ndilo swali lililonitoka kwanza, na hata sasa nikilikumbuka nasikia joto usoni.

"Hapo ndipo ninapopotea. Miaka yote nalowanisha bila kufikiri. Sasa nikijiuliza, sikumbuki." Alizitazama kucha zake. "Wenzangu walitaka kusema labda uzi. Nikawaambia, uzi hauna neno, umetoka droo ya mzee. Ni mikono yangu. Nakaribia hamsini na tano, shem."

Nilifungua kinywa. Hapohapo mteja akaingia kuulizia kofia. Nilimshukuru Mungu kwa mteja yule, nikamhudumia kwa upole ambao sijawahi kumpa mtu, nikamwonyesha kofia zote dukani. Alipotoka, shemeji alikuwa ameshaondoka.

Nikafunga mlango mchana kweupe. Nikachukua roli ya nyuma, nikaukunja uzi kwenye vidole viwili, nikavuta. Ulikatika kama tambi kavu. Nikajaribu nyingine, na nyingine. Nikachukua mkasi nikazikatakata zote ishirini na nne zilizobaki, nikazitupa, nikanawa mikono, na kwa saa nzima nilijisikia mtu mwema. Nilichokuwa nimefanya ni kuficha. Roli moja ilikuwa bado kwenye kizibao cha shemeji.

Jumapili huwa nakwenda kula kwa dada. Nilimkuta shemeji ukumbini, ameikita ndoano kwenye mguu wa kiti, roli ile ya namba nne pajani. Anafunga, analowanisha kwa mate, analowanisha tena kwa hakika, anakaza taratibu kama anagusa yai. Anavuta, unakatika. Anakata kipande kingine, anaanza upya. Sakafuni kulikuwa na vipande vingi vya uzi, dada alikuwa akivifagia na vingine vikianguka.

"Umeona?" aliniambia. "Kila mara."

"Baba watoto, hebu kula kwanza," dada alisema.

Mimi nilikuwa nimesimama na mkoba wangu begani. Maneno yalikuwa mafupi, hata pumzi moja yasingeimaliza: uzi huo mbovu, nilikuuzia mimi. Nilichosema ni, "Jaribu tena."

Akajaribu tena. Akanitii kama mwanafunzi.

Nililala vibaya wiki ile na zilizofuata, na nilikuwa mkali kwa kila mtu. Nilimgombeza mwenye duka la dawa kwa sababu ya mwavuli wake tu. Nilitafuta njia ya kuirudisha mikono ya shemeji bila ya kinywa changu kuhusika, na Jumapili ya nne nikaipata, au nikadhani. Nikachukua roli mpya kutoka mzigo mpya, nzima kabisa. Kitakoni nikaandika mwezi uleule wa uongo ili zifanane, nikaivuta vipande vichache ionekane imetumika. Wakati wao wako mezani nikaenda kunawa, nikapita penye kizibao kilichoning'inia mlangoni, nikabadilisha. Roli mbovu nikaiingiza mkobani. Nilirudi mezani nikala kwa furaha, nikaomba kuongezewa.

Nilimwazia Jumapili inayofuata akinipokea mlangoni: shem, nimepona. Nilikuwa nimeshapanga hata utani wa kumjibu.

Jumapili hiyo alikuwa palepale kwenye kiti. Alifunga, akavuta, na uzi haukukatika. Ulichomoka. Ncha ilitoka nzima, imejikunja, na hiyo maana yake ni moja tu, fundo lenyewe limefunguka. Alifunga tena mbele yangu, nikamwangalia vidole. Vilikuwa vinatetemeka. Uzi ulikuwa ukitafuta tundu la ndoano, unapita pembeni, unarudi, unapita pembeni. Mtu aliyekuwa akifunga huku anavuta sigara alitumia dakika nzima, na alipomaliza, fundo halikuwa fundo.

"Hali imezidi," alisema, bila kuniangalia.

Jikoni dada alinishika mkono. "Daktari amempima, hakuona ugonjwa. Lakini yeye ameshaamini. Kikombe akishika, anakitazama kwanza. Na meneja amemletea karatasi, akubali kubaki stoo moja kwa moja, kuongoza wageni basi tena. Ijumaa anasaini." Akapunguza sauti. "Zungumza naye wewe. Mambo ya uvuvi anakusikiliza wewe kuliko mimi."

Nilisema nitazungumza naye. Nikaondoka bila kuzungumza naye. Siwezi kueleza vizuri, isipokuwa kwamba kila wiki niliyokaa kimya ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, na kila wiki nilijua hivyo.

Ijumaa nilifunga duka saa tatu asubuhi nikapanda kambini. Niliwakuta stoo, shemeji ameketi kwenye benchi, buti za mpira zimepangwa ukutani, meneja amesimama na karatasi na kalamu. Meneja si mtu mbaya. Alinivutia kiti akidhani nimekuja kumsindikiza ndugu yangu.

"Asisaini," nilisema. "Uzi ulikuwa mbovu."

Nikayatoa yote, kwa mpangilio mbaya, nikianza na spiriti kisha nikarudi kwenye dirisha, upinde wa mvua, jua la saa nane, miezi minne. Nikatoa roli mbovu mkobani nikampa shemeji. Alivuta kipande kirefu, hakufunga fundo lolote, akakizungushia viganjani akavuta. Kikakatika katikati. Akavuta kingine. Kikakatika. Aliendelea hivyo, bila haraka, mpaka nikatamani anipige.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Tangu siku nakupa nilikuwa na wasiwasi. Jumatatu ile ulipokuja, ulipoondoka tu, nikauvuta. Nikajua kabisa."

"Kwa hiyo ile Jumapili, nafunga kwenye kiti, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia nijaribu tena."

Nililia, nikajichukia kwa kulia, kwa sababu meneja aliniletea kitambaa kana kwamba mimi ndiye niliyeumizwa.

Halafu meneja akaichana karatasi ile, vipande vinne, akavitia kwenye ndoo. Alikuwa na furaha ya kweli. "Nitampigia jaji mwenyewe leo hii," alisema. "Na wewe kesho asubuhi uko mtoni, nina wageni wawili, wote wako. Tumekukosa, bwana."

"Kesho siwezi," shemeji alisema.

"Kwa nini? Si umesikia? Ulikuwa uzi."

"Nimesikia." Aliinua mikono yote miwili, akainyoosha mbele yetu, viganja chini. Ilikuwa inatetemeka, vidole vya kulia zaidi ya vya kushoto. Aliiacha hapo kwa muda, tukaitazama sote watatu, yeye akiwa wa kwanza kuitazama. "Wakati ule ulikuwa uzi. Sasa ni hii."

"Itatulia," meneja alisema.

"Labda."

"Itatulia shemeji, ni hofu tu," nilisema mimi. "Ukijua kwamba haikuwa..."

Alinigeukia. Hakuwa na hasira usoni. Miaka ishirini na zaidi mtu huyu hajawahi kuniita kwa lingine ila shem, hata siku tulipomzika baba, hata siku tulipogombana juu ya nyumba. Aliinuka, akakusanya buti tatu kwa mkono mmoja na tatu kwa mwingine, akaja hadi mlangoni nilipokuwa nimesimama.

"Mwenye duka," alisema, "naomba unipishe, nina buti za kuanika."

Nikampisha.